Fimbo ya mbali haiui nyoka: vijana wetu watibiwe karibu na nyumbani

Butembo – Beni



Leo hatuandiki juu ya barabara wala juu ya kodi. Tunaandika juu ya jambo ambalo familia nyingi zinalizungumza kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa: mtoto amenaswa na madawa ya kulevya, tumpeleke wapi? Abaki hapa, alale kwetu, na kila asubuhi aende kwa munganga? Ao tutafute franga tumpeleke mbali, Kampala ao kwingine, mahali hakuna mtu anayemjua?

Msimamo wetu tunausema mapema, bila kuzunguka: kwa vijana walio wengi, matibabu yanapaswa kuwa karibu na nyumbani. Kwenda mbali kuna wakati wake, na tutausema pia. Lakini serikali isijifiche nyuma ya Kampala, na familia isiuze shamba ili kununua miezi mitatu ya kutoonekana.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Hatutaki kuongeza chumvi. Mu kartie zetu, kinachoonekana zaidi ni pombe kali ya vifuko na lotoko, bangi, na vidonge vya tramadol. Lakini barabara yetu ya biashara inapita Kasindi, inaenda Kampala, Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, na katika miji ya pwani heroini iko mtaani tangu miaka mingi. Kijana anayeenda kutafuta maisha kule anaweza kurudi akiwa nayo mwilini. Tena tramadol na heroini ni za familia moja. Mwili unazizoea kwa njia moja, na zikikosekana mwili unalia kwa njia moja.

Kulia huko, watu wa pwani wanakuita arosto. Mifupa inauma, tumbo linakatika, jasho na baridi vinakuja pamoja, usingizi haupo. Kijana aliye katika hali hiyo haibi simu ya mama yake kwa sababu hana adabu. Anaiba ili maumivu yakome. Anayesema "huyu ameisha kuharibika, tumuache tu" anahukumu mgonjwa. Na anayesema "afungiwe siku saba, ataacha" hajui kwamba siku saba zinaweza kumaliza arosto, lakini hamu inabaki miezi, hata miaka.

Wenzetu wa Afrika Mashariki wametangulia, tuangalie walifanya nini. Mu Februari 2011, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadone. Ni dawa ya maji, mgonjwa anainywa mbele ya munganga mara moja kwa siku. Inatuliza arosto na hamu kwa siku nzima bila kumlevya mtu aliyepimiwa dozi yake vizuri. Anaweza kufanya kazi, kula, kulea mtoto. Kenya ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikafika pwani, Malindi na kwingine. Uganda ilianza 2020 katika hospitali ya Butabika, Kampala. Si dawa ya wazungu wachache: Shirika la Afya Ulimwenguni liliiweka kwenye orodha ya dawa za lazima tangu 2005.

Sasa sikilizeni neno hili: mara moja kwa siku, kila siku. Jumapili, siku ya mvua, siku ya mji kufa. Na si kwa wiki mbili. Wengi wanahitaji mwaka mmoja ao zaidi. Ndiyo sababu Dar es Salaam haikubaki na Muhimbili peke yake. Ilifungua Mwananyamala, ikafungua Temeke, kisha nchi ikapeleka huduma Zanzibar, Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Mtu anayepanda gari mbili asubuhi na gari mbili jioni ili anywe dawa ya dakika tano, siku moja atakosa nauli. Siku ya pili ataona aibu kurudi. Siku ya tatu atarudi kwa muuzaji, kwa sababu muuzaji yuko karibu. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Muuzaji akiwa kwenye kona na dawa ikiwa ng'ambo ya mpaka, nyoka ameisha kushinda.

Tupige hesabu ya kwetu. Kutoka mpaka wa Kasindi mpaka Kampala ni kama kilomita 400, na kabla ya kufika Kasindi unapita barabara ambayo imemwaga damu ya wasafiri wengi. Kijana wa Butembo hawezi kwenda na kurudi kila siku. Lazima ahamie kule: chumba, chakula, karatasi za kukaa, lugha. Nani katika wazazi wetu, wauza fretini na wenye shamba la kahawa, ataweza mwaka mzima? Goma, ambako kuna Tulizo Letu, kituo cha wabruda wa Karita kinachojulikana kwa magonjwa ya akili, ni karibu kilomita 300, na tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa M23. Barabara ya kupitia Lubero inakata mistari ya vita. Kwa hiyo "mpeleke mbali" kwetu si shauri jepesi. Mara nyingi ni njia nyingine ya kusema "asitibiwe".

Kuna hatari nyingine ambayo familia nyingi hazielezwi, na hii inaua. Mtu anayekaa miezi mitatu mahali pa kufungiwa, bila dawa yoyote, mwili wake unasahau kuvumilia heroini. Akirudi nyumbani na siku moja akaanguka, anachukua kipimo kilekile cha zamani. Zamani mwili ulikibeba. Sasa pumzi inasimama. Wiki za kwanza kisha kutoka kituoni ao jela ndizo za hatari kuliko zote. Mama anafurahi mtoto amerudi mnene na safi, na mwezi haujaisha anamzika. Ndiyo maana tunasema: kituo kisicho na mpango wa siku ya kurudi nyumbani kimefanya nusu ya kazi, na nusu inayobaki ndiyo yenye kaburi ndani yake.

Lakini tuwasikilize pia wazazi wanaotaka mbali, kwa sababu hawasemi ujinga. Wanasema: hapa kuna marafiki walewale, kona ileile, deni kwa muuzaji yuleyule. Wanasema: jirani akimwona mtoto wangu kwenye foleni ya kituo cha afya, binti yake mdogo hataolewa. Ni kweli, aibu ni mzigo mzito, na kwa wasichana ni mzito mara mbili. Hata katika vituo vya pwani, wanawake walionekana wachache kwenye foleni, si kwa sababu hawagonjwi, ni kwa sababu wanafichwa. Jibu letu ni hili: marafiki na kona vinamngoja siku atakaporudi. Mbali kunachelewesha kukutana navyo, hakufundishi namna ya kupita mbele yao. Na aibu haitaisha kwa kusafirisha wagonjwa. Itapungua siku foleni ya dawa hii itakuwa foleni ileile ya malaria, ya shinikizo la damu, ya kifua kikuu.

Kuna wakati wa kulazwa ao kuondoka, na tunautaja wazi. Kijana ambaye muuzaji anatishia kumuua, aondoke. Msichana ambaye nyumbani ndipo anapopigwa ao kuuzwa, aondoke. Anayesikia sauti ao anataka kujiua, alazwe haraka. Na mnywaji mkubwa wa pombe kali, anayetetemeka asubuhi ao aliyewahi kuanguka kifafa, asiachishwe ghafla nyumbani: kuacha pombe kwa ghafla kunaweza kuua, anahitaji hospitali. Methadone haimsaidii huyo, wala haimsaidii wa bangi. Ni ya heroini na ndugu zake. Mwanamke mwenye mimba anayetumia heroini naye asiachishwe ghafla, amwone munganga kwanza.

Familia ikiamua kupeleka mtoto mbali, iulize maswali haya kabla ya kulipa hata franga moja:

– Kuna munganga wa kweli pale, ao kuna mlinzi na fimbo tu?
– Wanatumia dawa gani, na wanaandika dozi mahali?
– Familia inaruhusiwa kumwona mtoto na kuzungumza naye peke yake?
– Wanafunga watu kwa minyororo ao kuwanyima chakula "ili pepo litoke"? Jibu likiwa ndiyo, rudini na mtoto wenu siku hiyohiyo.
– Akitoka, nani atamfuata nyumbani, na kwa muda gani?

Maombi yana nafasi yake, na parokia nyingi zimebeba watu ambao serikali iliwaacha. Lakini mchungaji anayemwambia mgonjwa atupe dawa anachukua mzigo ambao hataweza kuubeba.

Wengine watasema: hapa Beni na Butembo tuna vita, nani atashughulika na walevi? Tunajibu: ni kwa sababu ya vita. Tangu Oktoba 2014 mji na teritware ya Beni vinazika watu. Kuna vijana wa miaka kumi na nane ambao hawakumbuki mwaka bila mauaji. Wengine wanakunywa ili walale. Anayetaka kutibu ulevi bila kugusa usingizi huo anafagia maji mvua ikinyesha.

Tena sisi tuna somo ambalo tulilipia kwa gharama kubwa. Ebola ilitangazwa Mangina mu Agosti 2018 na ikaisha Juni 2020, watu 2 287 wamekufa. Mwanzoni, mgonjwa alibebwa na gari, akaingia nyuma ya uzio, familia haikumwona tena. Watu wakaficha wagonjwa wao. Kisha Beni ikapata vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, mama akaweza kumwona mtoto wake na kuongea naye, na woga ukapungua. Tulijifunza hapa, si kwenye kitabu: watu wanaamini matibabu wanayoyaona. Ukiwaondolea mgonjwa machoni, wanaanza kuficha.

Kwa hiyo tunadai:

1. Utawala wa jimbo, ambao sasa unafanya kazi kutoka Beni, na wizara ya afya, waweke huduma ya matibabu ya uraibu katika hospitali kuu za Beni, Butembo na Katwa, kwa mgonjwa wa kutwa, alale kwake. Methadone iingie katika mpango huo, na naloxone, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidiwa na heroini, ifike kwenye kila hospitali.

2. Wanganga wa vituo vya kartie wafundishwe kumfuata mgonjwa aliyeisha kutulia. Mu 2020, wakati wa Korona, nchi nyingi ziliruhusu wagonjwa imara kubeba dozi za siku chache nyumbani. Kwetu, ambako barabara inaweza kufungwa asubuhi moja, hilo lipangwe tangu mwanzo, na sanduku lenye kufuli, kwa sababu dozi ya mtu mzima inaweza kuua mtoto.

3. Bei isiwe ukuta. Dawa ya kila siku inayolipiwa kila siku ni dawa ya matajiri.

4. Polisi na wanajeshi waache kumfanya mgonjwa kuwa mfuko wa pesa. Mu Agosti 2021, kule Kinshasa, wakati wa "bombe", tuliona vijana wakipangwa mbele ya kamera. Kangbayi na Kakwangura ni jela, si hospitali. Muuzaji mkubwa anajulikana, mumfuate huyo.

5. Mameya wawafuate wanaouzia watoto pombe ya vifuko karibu na shule.

Na sisi wenyewe? Tusingoje wizara ili kuwa watu. Mji wa Butembo umezoea kuchanga na kutengeneza barabara zake kwa salongo. Likilimba ya kartie inaweza kulipia motari wa mgonjwa mmoja. Rafiki mmoja anaweza kumsindikiza mwenzake asubuhi mpaka hospitali, akamngoja, wakarudi pamoja. Mwenye garaji, mwenye duka, mpe kazi ya nusu siku. Na ulimi wetu tuuchunge: akianguka tena, tusimcheke, tumrudishe kwenye dawa. Kuanguka tena ni sehemu ya ugonjwa huu, sawa vile homa inavyorudi.

Wewe ambaye unasoma hii ukijificha, simu chini ya blanketi: usiache peke yako kwa kiburi, usitumie peke yako gizani. Mwambie mtu mmoja. Mmoja tu, kesho asubuhi.

Sisi tutaendelea kubisha mlango wa mamlaka, kwa amani na bila kuchoka, paka dawa ifike mahali ugonjwa ulipo. Ni watoto wa hapa. Watibiwe hapa.