Majirani Waliotenganishwa na Kalenda

Tukiulizwa darasani umbali wa visiwa viwili, wengi wetu tunakimbilia rula na ramani. Mimi nasema rula pekee haitoshi!

Tazameni Apia, mji mkuu wa Samoa, na Pago Pago ulioko Samoa ya Marekani. Kati yao ni kama kilomita 125 tu, na ndege ndogo huchukua dakika kama 40. Lakini ukipanda ndege Apia Jumamosi asubuhi, utashuka Pago Pago Ijumaa asubuhi! Ukirudi, siku nzima imekupotea.

Huo si uchawi. Mstari wa Tarehe umepita katikati yao. Mwaka wa 2011 Samoa iliamua kuhamia upande wa Australia na New Zealand, inakofanya biashara nyingi, na Ijumaa tarehe 30 Desemba ikarukwa kabisa. Zamani, Ijumaa yao ilikuwa Jumamosi kwa wateja wao, na ofisi za huko zimefungwa.

Wako watakaosema Samoa ilikosea kuwaacha ndugu zao wa damu na lugha moja, kwani sasa hata Jumapili ya kanisani hawaipati pamoja. Kweli, hilo linauma. Hata hivyo, kwa maoni yangu ilifanya vyema. Undugu haukatwi na kalenda, bali biashara hukwama mlango ukifungwa. Mstari huo ulichorwa na watu, basi na uwafae watu.

Walimu wetu, mkituuliza kilomita, tuulizeni pia: abiria atafika siku gani?