Utabiri Wetu wa Uchaguzi

Kabla ya tarehe 20 Desemba 2023 nasi tulijitwalia kazi ya manabii. Tulitabiri kwamba mashine ya kupigia kura ingechoka kabla ya mzee wa kwanza kutiwa wino kidoleni; tena kwamba mgombea mmoja angepata kura moja tu, na mkewe angekana kuwa ni yake. Tukacheka sana.

Ndugu yetu wa Beni akatabiri kwa ufupi: «Mimi nitapiga kura.» Kicheko kikakoma. Mwaka 2018 Rais alichaguliwa bila Beni. Wao waliitwa Machi 2019 kuchagua wabunge, Rais akiwa amekwisha kuapishwa. Twaona ilitupasa kuuliza kwanza nani atachagua, ndipo tubashiri nani atashinda.

Utabiri wake ulitimia. Safari hiyo walioachwa nje ni Masisi, Rutshuru na Kwamouth.