Mchezo wa Kujenga Mji na Somo Lake kwa Wanafunzi

Mwaka 2002 kampuni ya BreakAway Games ya Marekani ilitunga mchezo wa kompyuta uitwao Emperor: Rise of the Middle Kingdom. Mchezaji hupewa ardhi tupu katika China ya kale, naye hutakiwa kuijengea mji wenye mashamba, visima, ghala, masoko na nyumba za wakazi. Mchezo wa namna hii unastahili nafasi katika elimu ya sekondari, hata katika shule za vijijini kama za Lingeka, mkoani Simiyu. Lakini hautafaa kitu iwapo mwalimu hataonyesha pia upungufu wake.

Manufaa yake ni dhahiri. Mchezo ni kielelezo, yaani mfano mdogo wa jambo kubwa, uliojengwa juu ya kanuni za sababu na matokeo. Nafaka hutoka shambani, ikapita kinuni na kufika sokoni ndipo iwafikie wakazi. Mchota maji na mganga wa mitishamba huonekana wakitembea barabarani. Nyumba wanazozipitia hupanda daraja. Zile wasizozifikia hudumaa au kushuka. Mwanafunzi wa Simiyu anaifahamu minyororo ya aina hii. Pamba hutoka shambani, ikapimwa katika chama cha ushirika, kisha ikapelekwa kwenye kiwanda cha kuchambulia. Mvua ikiharibu njia mahali pamoja tu, kazi yote iliyotangulia hukwama.

Upungufu wake umo katika nafasi ya mchezaji mwenyewe. Yeye ni mtawala asiye na wa kumwuliza. Nyumba ikizuia barabara, huibomoa kwa kubonyeza kitufe. Hata madhabahu ya wahenga, ambayo mchezo wenyewe huyahesabu kuwa haja ya wakazi, yaweza kuondolewa vivyo hivyo. Wakazi hawana mkutano, wala hawajui lolote kuhusu ardhi ambalo mtawala halijui.

Historia ya Usukuma inaonyesha uzito wa upungufu huo. Zamani kaya nyingi za Wasukuma zilitawanyika karibu na mashamba yao, zikitunza ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Katika Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, wananchi walitakiwa kuhamia katika vijiji vya pamoja. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji viwe karibu na watu. Katika ramani, mpango huo ulikuwa safi. Katika ardhi, familia nyingi zilijikuta mbali na mashamba na ngitili zao. Ngitili zilizokosa watunzaji ziliharibika, na hasara hiyo ikaongezeka juu ya ile iliyoletwa na ukataji wa miti wa miaka iliyotangulia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, mafanikio yake yalitokana kwa sehemu kubwa na kurudi kwa wenyeji na kuufufua ujuzi wao wa ngitili. Mamia ya maelfu ya hekta yalianza kuota miti tena.

Wako watakaosema kwamba michezo ni upotevu wa wakati, na kwamba shule nyingi hazina kompyuta. Hoja ya pili ni ya kweli, lakini haizuii kitu. Karatasi ya mirabaraba, maharage na punje za mahindi vyatosha. Kila mraba uwe hekta moja. Maharage yawe kaya. Punje ziwe visima, shule na zahanati. Kundi moja la wanafunzi lipange kijiji. Kundi la pili liwe wakulima, wafugaji, wajane na wazee, nalo liwe na haki ya kuukataa mpango. Mchezo huu wa pili ndio unaokaribia ukweli, kwani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano wa kijiji uwezo wa kuidhinisha mgawanyo wa ardhi ya kijiji.

Mpangaji hodari huitwa hodari kwa sababu ya mambo mawili: kuijua hesabu ya umbali na maji, na kuwauliza wanaoishi mahali hapo kabla ya kuchora mstari. La kwanza kompyuta yaweza kulifundisha vizuri. La pili lamtegemea mwalimu. Bariadi ilipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012, mahitaji ya viwanja, barabara na maji yaliongezeka, na wanafunzi wa leo ndio watakaopima ardhi hiyo kesho. Yafaa wazoee kuyafanya yote mawili wangali darasani, ambako kosa hufutwa kwa kifutio tu.