Mbwa wenu wa mwisho alienda wapi?

Nimepeleka posa mara mbili kwa ajili ya vijana wangu, na kote tulihojiwa hadi chai ikapoa. Lakini sijawahi kuhojiwa kama nilivyohojiwa Februari iliyopita katika kituo kimoja cha kuokoa wanyama upande wa Karen, nilikokwenda kutafuta mbwa.

Binti aliyenipokea hakuwa amefikisha miaka 30. Alivaa gambuti zenye matope na mkononi alikuwa na fomu. Nyumba ni yenu au mmepanga? Ua una lango? Usiku mbwa atalala wapi? Atakula nini? Mchana nani hubaki nyumbani? Nilijibu kwa sauti ya mwalimu mstaafu, yaani kama mtu anayesahihisha maswali yenyewe. Kisha akauliza, macho yakiwa bado kwenye karatasi, "Na mbwa wenu wa mwisho, mama, alienda wapi?"

"Alikufa," nikasema. "Uzee."

Akaandika.

Kilichonipeleka huko ni wezi. Januari waliruka ua wetu hapa Rongai wakang'oa pampu ya maji. Wiki iliyofuata wakarudi kuchukua kuku saba na, sijui ya nini, kamba ya kuanikia nguo. Kijana wangu wa pili akasema jambo hilo ni dogo, Jumamosi atapitia barabarani atuletee mtoto wa German Shepherd. Anayeishi Nairobi anawajua wauzaji hao. Husimama kando ya foleni ya magari, kijibwa kimoja kila mkono, na bei hushuka kadiri foleni inavyoanza kusogea.

Tulishawahi kununua mmoja hivyo mwaka 2010, tukiwa bado Githurai, kwa Sh4,000. Muuzaji aliapa ana miezi mitatu. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo, akasema hata wiki sita hajafikisha, na kwamba mtoto wa mbwa hapaswi kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki nane. Siku ya tatu akaanza kuhara damu. Ilikuwa parvo, ugonjwa wenye chanjo. Siku ya tano tulimzika nyuma ya choo, watoto wakilia. Muuzaji hakuwa ametuuliza lolote, isipokuwa kama tunalipa taslimu au kwa M-Pesa.

Kwa hiyo nikisikia watu wakinung'unika kwamba vituo vya wanyama vinawahoji kama washukiwa, huwa nashangaa. Mimi kinachonisumbua ni kwamba kwingine kote hakuna anayehoji. Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Watoto wake hugawiwa ovyo kama maembe ya msimu, huyu kwa jirani, huyu kwa shemeji, wanaobaki kwenye gunia kando ya mto. Hao wanaookotwa hai ndio wanaojaza vituo. Na sisi tunaowatupa ndio tunaokwenda huko baadaye tukiwa na haraka.

Nilitaka dume jeusi lenye kifua. Nilionyeshwa jike la rangi ya kahawia, la miaka mitatu hivi kwa kukisia meno, limejikunja kwenye kona likitazama ukuta. Mbwa koko, kama tunavyowaita. Ncha ya sikio lake la kushoto imekatwa, alama kwamba ameshafungwa kizazi. (Watu husema "amehasiwa", lakini kuhasiwa ni kwa madume. Nisameheni, miaka 31 ya kufundisha Kiswahili haiishi mwilini.) Pale kituoni hawasemi utamfuga mbwa, wanasema utamwasili. Sikio langu liliumia. Mtoto usiyemzaa ndiye unayempanga au kumwasili. Mbwa tunamfuga, kama kuku, kama nyuki. Nilikaribia kumsahihisha yule binti, kisha nikakumbuka uongo niliokuwa nimemwambia dakika kumi nyuma, nikanyamaza.

Siku tatu baadaye wakaja nyumbani kukagua. Hilo sikulitarajia. Yule binti akazunguka ua, akatikisa lango, akaangalia kibanda. Mume wangu akamletea kiti. Kijana wangu, kwa kutaka kuonyesha kwamba sisi ni wazoefu, akasema tulikuwa na mbwa mzuri sana, Simba, lakini tulipohamia huku mwaka 2016 ikabidi tumwache Githurai.

Aibu niliyoipata siku hiyo siwezi kuieleza. Binti hakushtuka. "Mama, wengi husema alikufa," akaniambia kwa upole. "Wengine husema alipelekwa shambani." Kumbe hata la shamba analijua. Hilo ndilo tulilowaambia watoto wadogo, kwamba Simba yuko shambani kwa babu anakimbiza sungura. Ukweli ni kwamba lori lilijaa, makochi yalikuwa yameshika nafasi yote, na mume wangu akasema tutamrudia Jumapili. Jumapili hiyo ilikuwa na ibada ya mazishi. Iliyofuata ilikuwa na mvua.

Nilidhani atafunga faili aondoke. Alifuta neno moja, akaandika jingine, akaniuliza, "Safari hii mkihama, mbwa atapanda na nani?" Akangoja jibu. Mume wangu akasema atampakata mwenyewe mbele, kwa dereva.

Nataka wasomaji waelewe kwamba swali hilo si la huruma tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, mgonjwa haponi. Lakini ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa hukatika. Kisiwani Pemba walifaulu hivyo. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa wa kuutokomeza. Sasa nani humpeleka kuchanjwa mbwa asiye na mwenyewe? Simba alichanjwa mara ya mwisho mwaka 2015. Tulipoondoka tuliwaachia watoto wa mtaa ule mbwa ambaye kinga yake ilikuwa inaisha, na anayewajua kwa majina, anayewalamba mikono. Na kuwapiga mbwa sumu, kama inavyofanyika mara kwa mara mitaani, hakusaidii. Wakifa hao, wengine huja kujaza nafasi, na hao wapya hawajachanjwa.

Nina ugomvi na vituo pia, nisije nikaonekana nimetiwa mfukoni. Sharti la ua wenye lango linawafungia nje watu wengi. Mzee anayeuza makaa karibu na stendi yetu hana ua wala lango. Ana mbwa wawili walionona kuliko mume wangu, na kila kipaza sauti cha chanjo kinapopita yeye huwa wa kwanza kwenye foleni, amewashika kwa kamba za katani. Fomu ile ingemkataa yeye ikanikubali mimi. KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kimekuwapo nchini tangu 1910, enzi za masetla, na mpaka leo ukitaja kituo cha wanyama watu hudhani ni mambo ya Wazungu na wenye bustani. Maswali yakiwa mengi kuhusu ukuta kuliko kuhusu mtu, dhana hiyo haitaondoka. Wangekuja wamwone mzee wa makaa akichemsha ugali wa mbwa wake saa kumi na mbili jioni, na vichwa vya omena juu, kabla ya kula yeye.

Na si lazima awe mbwa. Jirani yangu, mama wa Lamu, dini yake haimruhusu mbwa kumgusa nguo anayosalia. Nilipomsimulia habari hizi akaenda kituoni akarudi na paka chongo, ambaye sasa analala juu ya cherehani yake.

Mbwa wetu tulimwita Subira, kwa sababu ndicho alichotudai. Siku tisa alikaa nyuma ya tangi la maji, akitoka usiku tu kula. Akiona ufagio hulala chini na kujikojolea. Gunia tupu likipeperushwa na upepo humtetemesha mchana kutwa. Sitaki kufikiria sababu. Kijana wangu alisema tumeletewa mbwa wa kulindwa badala ya mbwa wa kulinda. Wiki ya sita ndipo alipobweka kwa mara ya kwanza. Alimbwekea mume wangu, aliyekuwa ametoka kanisani na kofia mpya. Tulicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Wezi hawajarudi, lakini sitadanganya kwamba ni kazi ya Subira. Tuliweka taa.

Mwezi uliopita nilikuwa na shughuli upande wa Githurai, nikapita mtaa wetu wa zamani. Pale palipokuwa na lango letu sasa pana ghorofa tano. Duka la pembeni bado lipo, na mama mwenye duka ni yuleyule, ingawa hakunikumbuka. Nikanunua maziwa. Nikamuuliza kama anamkumbuka mbwa mmoja mwekundu aliyekuwa akikaa hapo mbele, zamani kidogo.

"Simba?" akasema, uso ukachangamka. Alikuwa akilala hapo langoni, akaniambia, hata wapangaji wapya walipohamia na kumfukuza. Kila lori likipita anainuka. Watoto wakimtupia mkate. Alionekana mpaka mwaka uliofuata, mvua za Aprili, kisha basi.

Akanirudishia chenji, akanitazama vizuri. "Kwani alikuwa wenu?"

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa wetu."