Tugeuze sashe tusome mgongo

Ndugu zangu wa Boyoma, Kisangani yetu, kuanzia Makiso na Mangobo hadi Lubunga ng'ambo ya mto, nina ombi. Mkinunua mtindi wa sashe, poda ya jus au kopo la aiskrimu, geuzeni msome mgongoni. Tafuteni neno la Kifaransa épaississant, au namba E466. Namba hiyo ni ya CMC, kwa jina refu kaboksimethili selulosi: unga mweupe, hauna harufu, karibu hauna ladha, na kazi yake ni kufanya kitu chepesi kiwe kizito.

Siwaambii muukimbie. Asili yake ni selulosi, ile inayosimamisha miti ya msitu wetu na kujaza nyuzi za pamba. Selulosi peke yake haiyeyuki. Ndiyo maana mtumbwi wa mvuvi wa Wagenia unashinda majini miaka na haugeuki uji. Viwandani huichanganya na soda kali pamoja na asidi ya kloroasetiki, na hapo tabia yake inabadilika: minyororo yake mirefu inatawanyika ndani ya maji na kuyashika yasitiririke ovyo. Wajerumani walianza kuitengeneza karibu na mwisho wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Tumbo la mtu haliwezi kuimeng'enya, hivyo inapita na kutoka.

Na inasaidia kweli, hasa hapa kwetu. Umeme wetu unatoka kituo cha shirika la umeme, SNEL, cha maporomoko ya Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950, na kila mwenye friji anajua unavyokuja na kwenda. Aiskrimu ikilegea, kisha ikaganda upya, maji yake hujikusanya kuwa chembe kubwa za barafu zinazokwaruza ulimi. CMC huyashika maji hayo, chembe zikabaki ndogo. Kwenye mtindi wa kunywa huzunguka protini za maziwa, kwa hiyo chupa ikikaa haigawanyiki, maji juu na mashapo chini. Kwa lita moja ya mtindi, gramu 2 hadi 5 zinatosha.

Ubaya unaanzia kwenye bei ya maziwa. Tshopo si nchi ya ng'ombe. Mtindi wetu mwingi ni wa maziwa ya unga, yaliyopandishwa na boti kutoka Kinshasa au kuletwa na malori kutoka upande wa Uganda, na kila kilomita ya safari hiyo imo ndani ya bei. Mtengenezaji akipunguza maziwa, akaongeza maji na kutia CMC kidogo, kikombe kinasimama kizito vilevile. Mnunuzi anasifu. Lakini unga huo hauna protini wala mafuta. Mama anayemtafutia kitu cha kumjenga mtoto aliyeachishwa ziwa majuzi atakuwa amelipia maji, na kwa macho hawezi kujua.

Kwa hiyo, mama zetu na vijana mnaotengeneza mtindi nyumbani, tieni CMC mkitaka, ila andikeni kwenye sashe kiasi cha maziwa mlichotia. Karatasi na kalamu ya wino usiofutika vinatosha. Mwenye maziwa mengi ndiye atakayefaidika kwanza, maana leo anauza bei moja na jirani yake aliyetia maji.

La pili ni zito zaidi. CMC si ya chakula peke yake. Wazee waliofanya kazi kiwanda cha nguo cha SOTEXKI wanajua uzi unavyopakwa gundi kabla ya kufumwa. CMC ni mojawapo ya vitu vinavyotumika kwa kazi hiyo, na imo pia kwenye rangi za ukuta, sabuni ya unga na gundi ya karatasi. Ya chakula lazima iwe safi kwa asilimia 99.5 au zaidi. Ile ya viwanda inaweza kubaki na chumvi nyingi za utengenezaji, na ukiziweka mbili kiganjani huwezi kuzitofautisha. Mtu akikupimia kwa kijiko kutoka mfuko usio na maandishi, usichukue, hata akikupunguzia bei. Dai uone mfuko wenyewe, wenye neno alimentaire na namba E466.

Kisha tafuta mizani ndogo, kama ya wapima dhahabu. Kijiko kinadanganya. Changanya unga huo na sukari ikiwa kavu, halafu nyunyiza polepole huku ukikoroga. Ukiumwaga wote kwa mpigo utapata mabonge yasiyoyeyuka hadi jioni.

Wataalamu wa viongeza vya chakula wa FAO na WHO hawakuiwekea CMC kikomo cha kila siku. Hata hivyo, utafiti mmoja wa watu wachache, uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Gastroenterology, ulikuta kwamba gramu 15 kwa siku, kwa siku 11, zilipunguza aina za bakteria wa utumbo. Kuzifikia gramu hizo ungelazimika kunywa lita 3 za mtindi uliotiwa gramu 5 kwa lita. Ni kiasi kikubwa, lakini asiyepima hajui anawanywesha wenzake kiasi gani. Mimi kwa mchuzi nitabaki na dongodongo (bamia) langu, linaloleta uzito wake lenyewe bila namba.

Walimu na wanafunzi wa chuo kikuu chetu, UNIKIS, pamoja na OCC ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa, wekeni meza kwenye soko kuu Jumamosi moja. Leteni mizani, na mfuko halali wa kuonyesha. Msije kutoza faini siku hiyo. Njooni mfundishe kupima. Na ndugu wa redio, tangazeni mapema, kwa Kiswahili na Lingala, ili hata wa Lubunga wapate muda wa kuvuka.