Mtondo Ndiyo Lini?

Na Mwanaidi Kombo

Jumatatu nilipeleka kitambaa cha gauni kwa fundi cherehani. "Njoo baada ya siku tatu, mama." Jumatano jioni nikawa mlangoni kwake. Kitambaa kimekunjwa vilevile nilivyokiacha, chaki haijakigusa. Mimi nilihesabu tangu siku ile ile, yeye alianzia kesho yake. Hakuna aliyesema uongo, lakini tuliagana kwa kununiana.

Bibi yangu asingefikwa na hili. Angeambiwa "mtondo", basi, yameisha. Kwake siku zilipangwa hivi: leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Leo ikiwa Jumatatu, mtondo ni Alhamisi, mtondogoo ni Ijumaa. Kila siku na jina lake, wala huulizi kama leo imo au haimo.

Siku hizi mwambie kijana, hata wa pwani, "tuonane mtondogoo". Atakukodolea macho. Kamusini maneno haya yamo; midomoni ndimo yalimotoka. Mahali pake tumeweka "siku mbili tatu hizi", kauli ambayo mwenye deni anaweza kuivuta hadi mwezi uandame.

Kutwa limenusurika, nashukuru. Neno hilo ni kuchwa kwa matamshi mengine, yaani jua kutua, na machweo ni ndugu yake. Kuchwa lenyewe ni nadra kulisikia, watu husema jua limezama. Lakini nenda dirisha la dawa la zahanati uone: vidonge viwili, kutwa mara tatu. Kutwa lina kazi, ndiyo maana linaishi. Kwa hiyo sikubali nikiambiwa kwamba mtondo limekufa kwa uzee. Kazi yake ipo tele. Fundi, muuza samaki, mtu aliyekopa unga dukani, wote wanaihitaji siku ya tatu yenye jina lake. Walimu wanaofundisha watoto jana, leo na kesho wasiishie hapo. Waongeze na mtondo na mtondogoo.

Juzi nilirudi kwa fundi yule na kitambaa cha binti yangu. Nikamwambia nitakifuata mtondo.

"Mtondo ndiyo lini, mama?"

Nikamhesabia: kesho, kesho kutwa, mtondo. Akalirudia neno kwa sauti ya chini, kisha akachukua chaki, akaliandika upande wa ndani wa kitambaa.