Majani ya ufukweni yakishapigwa dawa

Ukitoka Kunduchi ukapita Ununio, Mbweni na Mapinga hadi Kaole na Bagamoyo mjini, viwanja vinavyotazama bahari vinazidi kuzungushiwa ukuta. Zamani mwenye kiwanja alitafuta vijana wa kufyeka. Siku hizi ni rahisi zaidi kumwita mmoja mwenye bomba la mgongoni na dawa ya kuua magugu. Baada ya wiki mbili uwanja ni mweupe.

Kinachokufa pale si magugu tu. Juu ya matuta ya mchanga kuna ule mtambao wa maua ya zambarau, majani yake kama kwato ya mbuzi. Mtoto wa pwani anaujua. Ndio unaoushika mchanga usipeperushwe na upepo wala kuzolewa na maji. Ukiukata kwa panga utachipua. Ukiupiga dawa ya glaifoseti, dawa inaingia kwenye jani na kushuka hadi mzizini, na mmea wote unakufa. Wakazi wa Kunduchi hawahitaji kuelezwa hasara ya bahari kuula ufuko, ingawa kwao sababu ni nyingi.

Lakini safu hii ni ya afya, na hofu yangu iko kwa watoto. Mtambao huo ni dawa ya nyumbani: majani yake hupondwa na kubandikwa mtu akiwashwa na konyeza, yule mnyama laini wa baharini. Sasa, glaifoseti haikaushi jani siku hiyohiyo. Mmea unaweza kubaki kijani siku kadhaa, na kwa wakati huo mama akachuma majani akampaka mwanawe bila kujua. Mboga za kujiotea kando ya ukuta nazo ni vivyo hivyo.

Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilisema glaifoseti huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka huohuo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema haielekei kuwa hivyo. Wataalamu waendelee kubishana. Mzazi hahitaji kungoja mshindi ndipo amwondoe mtoto anayecheza pekupeku mahali palipopigwa dawa jana.

Isiyo na ubishi ni parakwati, dawa nyingine ya magugu, ambayo Umoja wa Ulaya umeikataza tangu 2007. Funda moja tu linaweza kuua, na haina dawa ya kuizima. Mgonjwa anaweza kuonekana ana nafuu siku za mwanzo, kumbe figo na mapafu vinaharibika. Ndiyo maana kupimiana dawa ya magugu kwenye chupa za soda na maji kunanikasirisha kuliko jambo jingine lolote katika habari hii. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo, na chupa yenyewe haina lebo.

Mtoto akinywa, usimtapishe, na usipoteze muda kutafuta maziwa. Mkimbize hospitali hata kama anacheka, na chukua chupa au kopo lile uende nalo. Ikimwagikia mwilini, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa, kisha mpeleke kituo cha afya.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka ufukweni shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira ya ufuko. Wenyeviti wa mitaa na vitongoji wanaweza kuanzia hapo: bomba lisivuke ukuta kwenda upande wa bahari, na anayepiga dawa ndani ya kiwanja chake aweke kibao chenye tarehe, kwa Kiswahili, mahali ambapo mama anayechuma majani atakiona.